Vumbi alilorudi nalo baba nyumbani

Jioni mume anarudi kutoka kiwandani, anavua ovaroli mlangoni. Mke anaichukua, anatoka nayo uani na kuikung'uta mara mbili tatu kabla ya kuiloweka. Vumbi linaruka. Kidogo linamwingia puani, kidogo linatua kwenye nywele za mtoto anayecheza kando ya beseni. Hakuna anayekohoa, hakuna anayepiga chafya, na jioni inaendelea kama jioni nyingine zote. Miaka 30 baadaye mwanamke huyo, ambaye hajakanyaga kiwandani hata siku moja, anaanza kubanwa na kifua.

Nimeanza na beseni la kufulia kwa sababu ndipo mesothelioma, saratani itokanayo na vumbi la asbesto, ilipoonyesha mapema kwamba si ugonjwa wa mfanyakazi peke yake. Mwaka 1965 Muriel Newhouse na Hilda Thompson walichapisha uchunguzi wao wa mafaili ya wagonjwa 76 wa saratani hiyo jijini London. Baadhi walikuwa wamefanya kazi kwenye asbesto, jambo ambalo halikushangaza. Lakini walikuwamo watu tisa ambao walichofanya ni kuishi nyumba moja na mfanyakazi wa asbesto, wakiwemo wanawake waliokuwa wakifua nguo za kazi za waume zao. Wengine 11 walikuwa wameishi tu jirani na kiwanda, umbali usiofika kilomita moja.

Saratani hii haianzii ndani ya pafu kama ile ya wavuta sigara, na sigara haiisababishi. Inaanzia kwenye utando mwembamba unaofunika mapafu, na mara chache zaidi kwenye ule unaofunika utumbo. Chanzo chake kikuu ni asbesto, madini ya nyuzinyuzi yasiyoshika moto, yasiyooza na ya bei nafuu, ndiyo maana dunia iliyapenda ikayatia kwenye mapaa, mabomba, breki za magari, meli na mabehewa ya treni. Nyuzi zake ni nyembamba mno, macho hayazioni zikielea. Ukizivuta zinazama hadi mwisho wa pafu, na baadhi zinafika kwenye utando. Mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Chembe za kinga zinajaribu kuzimeza, zinashindwa, zinakufa, nyingine zinakuja na kufanya vilevile, na mahali pale panabaki na uvimbe usiotulia miaka nenda miaka rudi. Kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita miaka 20 hadi 50. Mgonjwa anapojua, mara nyingi kiwanda kimeshafungwa, meneja ameshakufa na kadi ya kazi imeshapotea.

Uhusiano wa vumbi hilo na saratani hii ulithibitishwa barani mwetu. Katika miaka ya 1950 Dk. C. A. Sleggs alikuwa akitibu kifua kikuu katika mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Aliona jambo lililomsumbua. Wagonjwa waliokuja na maji kwenye mapafu kutoka upande wa mashariki walipewa dawa za TB wakapona. Waliotoka magharibi walipewa dawa zilezile, wakazidi kudhoofu, wakafa. Magharibi ndiko kulikokuwa na milima na machimbo ya asbesto ya bluu. Sleggs, pamoja na Dk. Chris Wagner aliyepima vinyama vya wagonjwa hao na mwenzao Paul Marchand, walianza kuulizia kila mmoja alikozaliwa na alikocheza utotoni. Mwaka 1960 walichapisha habari za wagonjwa 33, na wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepitia kwenye vumbi hilo. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba. Walikulia jirani tu.

Kisa hiki hakinitoki kichwani, kwa sababu kwetu pia mtu akikutwa na maji kwenye mapafu, wazo la kwanza ni TB. Mara nyingi wazo hilo ni sahihi. Ila kilichowaokoa madaktari wa Kimberley na kosa hakikuwa mashine yoyote. Lilikuwa swali: ulikulia wapi, na baba yako alifanya kazi gani?

Katika machimbo ya Afrika Kusini familia nzima ilikuwa kazini. Wanawake walikaa chini na nyundo wakipasua mawe kutenga nyuzi. Dk. Gerrit Schepers, aliyetembelea machimbo ya Penge mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuta watoto wamewekwa ndani ya magunia makubwa wakikanyaga nyuzi za asbesto ili zishindiliwe. Kampuni ya Cape iliyochimba huko ilikuwa pia na kiwanda cha Acre Mill, Hebden Bridge, kaskazini mwa Uingereza. Hapo msichana wa miaka 17, Alice Jefferson, alifanya kazi miezi michache tu. Alipofika miaka 47, akiwa mama wa watoto, mesothelioma ikamkuta. Filamu ya televisheni iliyomwonyesha siku zake za mwisho mwaka 1982 iliitikisa Uingereza. Mtoto wa Penge na msichana wa Hebden Bridge hawakujuana, lakini faida ya vumbi lao iliingia mfuko mmoja.

Waathirika wa Afrika Kusini walipokwenda kudai London, kampuni ilibisha kwamba kesi isikilizwe kwao, si Uingereza. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikaamua wana haki ya kusikilizwa palepale. Mwaka 2003 wadai 7,500 walikubali pauni milioni 7.5 kutoka Cape, mbali na fedha za kampuni nyingine ya machimbo, Gencor. Ukizigawa sawasawa, hizo za Cape ni pauni 1,000 kwa mtu. Kwa maisha ya mtu, hiyo ni fedheha.

Sasa tuje kwenye tiba, maana hapo kwa muda mrefu hapakuwa na la kueleza. Mwaka 2003 jaribio kubwa lilionyesha kwamba kuchanganya dawa mbili za kemikali, pemetrexed na cisplatin, kulimwongezea mgonjwa takriban miezi mitatu kuliko cisplatin peke yake. Miezi mitatu! Na kwa zaidi ya miaka 15 hiyo ndiyo iliyokuwa tiba ya msingi duniani.

Mlango mwingine ulifunguka na dawa za kuamsha kinga ya mwili. Saratani ina ujanja wa kuzituliza chembe za kinga zisiishambulie. Dawa hizi zinauvunja ujanja huo. Katika jaribio la CheckMate 743, wagonjwa 605 waligawanywa, wengine wakapewa nivolumab na ipilimumab, wengine dawa za kemikali za kawaida. Nusu ya waliopewa dawa za kinga waliishi zaidi ya miezi 18, wakati kwa wenzao ilikuwa miezi 14. Baada ya miaka mitatu, 23 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa hai, na 15 katika kundi la pili. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye aina kali ya mesothelioma, ile ambayo dawa za kemikali huiweza kwa shida. Marekani iliidhinisha tiba hiyo Oktoba 2020. Kisha ukaja utafiti wa pegargiminase, dawa inayoinyima saratani chakula chake, kirutubisho kinachoitwa ajinini ambacho baadhi ya saratani haziwezi kujitengenezea. Kwa wagonjwa 249 ilileta nyongeza ya mwezi mmoja na nusu hivi, lakini waliofika miaka mitatu wakiwa hai walikuwa mara nne ya wale wasioipata.

Utafiti ambao kila familia inapaswa kuusikia, hata hivyo, ni ule wa upasuaji. Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe, ndugu husema: utolewe. Ni kauli ya upendo, na mtu yuko tayari kuuza shamba kwa ajili yake. Huko Uingereza, wagonjwa 335 katika jaribio la MARS 2 waligawanywa, kundi moja likapata dawa pamoja na upasuaji mkubwa wa kuondoa utando, jingine dawa peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Nusu ya waliopasuliwa waliishi miezi 19 na kidogo. Nusu ya wasiopasuliwa walikaribia miezi 25. Kisu kilipunguza maisha na kuongeza matatizo.

Halafu kuna jambo la damu. Mwaka 2011 watafiti, akiwemo Dk. Michele Carbone, walibaini hitilafu katika jeni liitwalo BAP1 kwa familia mbili za Marekani, moja ya Louisiana na nyingine ya Wisconsin, ambazo ndugu baada ya ndugu waliugua mesothelioma na saratani nyingine. Mwenye hitilafu hiyo huweza kuugua hata kwa vumbi dogo. Habari njema ni kwamba wengi wao huishi muda mrefu zaidi ya wagonjwa wengine. Habari nzito ni kwamba kipimo cha mtu mmoja kinawasemea na watoto wake.

Na anayeuguza je? Mzee aliyebeba magunia ya saruji hawezi tena kufunga kamba za viatu bila kupumzika. Mkewe analala kitako akisikiliza pumzi. Maji yanatolewa kwenye mapafu, yanajaa tena, nauli inatafutwa tena. Utafiti mmoja wa Uingereza na Australia, uliochapishwa 2019 na kuhusisha wagonjwa 174, uliangalia kama kumwingiza mgonjwa mapema kwenye tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso, kungebadili hali yake. Hali ya wagonjwa wenyewe haikutofautiana sana. Ila wale waliowauguza, walipoulizwa baada ya msiba, waliridhika zaidi na huduma aliyopata mpendwa wao. Nadhani hilo si dogo. Mtu anayebaki anaishi na kumbukumbu ya siku zile za mwisho, na kama zilikuwa za mateso bila msaada, anajilaumu hadi anaingia kaburini.

Dawa hizo mpya bei yake haishikiki kwa familia nyingi za kwetu, na bora tuambiane hivyo. Ndiyo maana macho yangu yanarudi kwenye mapaa. Miaka michache iliyopita nilisimama nje ya shule moja ya msingi nikitazama mafundi wanne wakishusha paa la asbesto la tangu enzi za mkoloni. Walilipiga nyundo. Vipande vilidondoka na kupasukia uani, vumbi la kijivu likapanda hadi madirishani. Fundi mmoja alikuwa amefunga kitambaa puani, wenzake hawana kitu. Wasichana wawili waliokota vigae wakavitumia kuchora mistari ya mchezo wa kuruka, vikiandika vizuri kuliko chaki. Nilipouliza vifusi vinapelekwa wapi, nikaambiwa vitajazia mashimo ya barabara. Jioni mafundi walipanda daladala na nguo zilezile, wakarudi kwa wake zao.

Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006. Rwanda imekuwa ikiendesha kampeni ya kuyaondoa mapaa haya kwa zaidi ya miaka kumi. Marekani yenyewe ilisubiri hadi Machi 2024 kupiga marufuku asbesto nyeupe, aina ya mwisho iliyokuwa bado ikitumika huko. Shirika la Afya Duniani linasema asbesto inaua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka, na karibu kote katika Afrika Mashariki paa hilo bado lipo kwenye nyumba za walimu, zahanati na maghala.

Paa la asbesto likiwa zima, halijapasuka wala kusagika, hatari yake ni ndogo. Msilipande, msilitoboe, msilikate kwa msumeno. Likilazimika kutoka, itwe mamlaka ya mazingira ipeleke watu wenye kibali. Lilowanishwe maji kwanza, lishushwe zima zima bila nyundo, lifungwe kwenye plastiki nzito na kuzikwa palipotengwa. Nguo za fundi zisifike kwenye beseni la nyumbani.

Na kama mzazi wako aliwahi kufanya kazi reli, bandarini, kwenye gereji za breki au ujenzi wa mapaa hayo, na sasa ana maji kwenye mapafu ambayo dawa za TB hazijayamaliza, usingoje daktari aulize. Mwambie wewe alifanya kazi wapi, mwaka gani, na nani alimfulia nguo.