Kinga ya mwili haiuzwi kwa chupa: Anza na usingizi wako

Ni saa tisa usiku. Uko stejini Migori mjini, boda imeegeshwa, unangoja abiria washuke basi. Ama uko majini Mbita, kaunti ya Homa Bay, mnavua omena kwa mwanga wa taa. Ama uko tu kitandani hosteli kule Rongo, video moja inakupeleka kwa nyingine. Wiki ijayo mafua yakikushika tena, utauliza: mbona kila mara ni mimi?

Hebu hesabu saa unazolala. Mwaka wa 2015, watafiti Marekani walitoa matokeo ya jaribio ambapo watu 164 waliojitolea walitiwa virusi vya mafua puani. Waliolala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano zaidi ya mara nne wa kuugua kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Virusi vilikuwa vile vile.

Mawazo nayo hayako mbali. Karo haijalipwa, mkopo wa simu unadai, pesa ya kodi umeibeti ikaenda. Mwili wako ukiwa na wasiwasi hutoa homoni ya kotisoli. Kwa muda mfupi inakusaidia kukabili hatari. Ikikaa juu wiki baada ya wiki, seli nyeupe za damu, askari wako, hulegea.

Kwetu huku jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zilizo na viwango vya juu vya HIV nchini. Kama unatumia ARV, usidanganywe na chupa za "kuongeza kinga" zinazouzwa sokoni. Usingizi hauchukui nafasi ya dawa. Lakini mtu aliyelemewa na mawazo huanza kuruka dozi, na hapo ndipo virusi hupata mwanya.

Sasa ufanye nini? Kama kazi yako ni ya usiku, mchana uwe na saa zako za kulala, chumba kiwe na giza, na neti ishushwe, maana malaria ya kanda ya ziwa haina mzaha. Kama ni simu inakukesha, iache mbali na kitanda. Kula omena na managu, chakula cha bei nafuu chenye protini na madini. Jioni cheza mpira ama tembea.

Na ongea. Tafuta mtu mmoja unayemwamini umwambie ukweli. Ukimaliza wiki mbili huna raha, hulali, hata chakula hakishuki, nenda kituo cha afya kilicho karibu uombe kumwona mshauri. Si aibu. Boda ikianza kukohoa unaipeleka kwa fundi siku hiyo hiyo, sivyo?