Philly Lutaaya: Sauti Moja Iliyovunja Kimya

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mnamo Aprili 1989 mwanamuziki mashuhuri wa Uganda, Philly Bongoley Lutaaya, alikataa kuyaficha maradhi yake. Alisimama mbele ya wananchi wenzake akatangaza kwamba ana UKIMWI. Kabla yake, hakuna Mganda mwenye jina kubwa aliyethubutu kufanya hivyo hadharani.

Lutaaya, aliyezaliwa mwaka 1951, hakuwa mgeni masikioni mwa watu. Tangu ujana wake alipiga muziki katika bendi, akapita Kongo na Kenya, na katika miaka ya 1980 akahamia Sweden. Huko Stockholm, akiwa pamoja na wanamuziki wengine wa Uganda, alirekodi "Born in Africa", kazi iliyomletea sifa kubwa nyumbani. Nyimbo zake za Krismasi zingali zikipigwa nchini Uganda kila Desemba.

Wimbo wake "Alone and Frightened" ulikuwa wa namna nyingine. Jina lake lina maana ya upweke na hofu, na hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya mgonjwa wa siku zile: marafiki walimkimbia, na hata vyombo alivyolia chakula vilitengwa. Katika wimbo huo mwimbaji hasimulii habari za jirani. Mgonjwa ni yeye mwenyewe. Hata hivyo hauishii katika kilio. Unawaita watu watoke mafichoni, washikamane, wapambane na maradhi kwa pamoja.

Wengi hawakusadiki. Palizuka maneno kwamba amebuni jambo hilo ili auze kanda zake. Basi Lutaaya hakutosheka na kuimba. Alizunguka shuleni na makanisani akizungumza na vijana, huku mwili wake ukidhoofika siku hadi siku. Wapiga picha wa filamu walimfuata katika safari hizo. Filamu yao, iliyopewa pia jina la "Born in Africa", ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1990. Mwenyewe hakuwahi kuliona jambo hilo, kwani alifariki dunia tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38. Waliodhani anafanya mchezo walipata jibu lao kaburini.

Habari hii inawahusu sana watu wa jeshi na polisi. Mwaka 1986 askari 60 wa Uganda walipelekwa Cuba kwa mafunzo, na walipopimwa huko, 18 walionekana wana virusi. Rais Fidel Castro alimwarifu Rais Yoweri Museveni walipokutana katika mkutano wa Harare mwaka huohuo. Ikadhihirika kwamba adui huyu haogopi gwanda wala bunduki, na kwamba askari aendapo likizo aweza kumpeleka nyumbani bila kujua.

Katika kilima cha Mbuya, mjini Kampala, kambi ya jeshi na Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Afrika ni majirani. Mwaka 2001, katika parokia hiyo, ilianzishwa huduma ya Reach Out Mbuya kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI na kifua kikuu. Wengi wa wanaowatembelea wagonjwa majumbani, katika vitongoji kama Banda na Kinawataka, wenyewe wanaishi na virusi. Akina mama wamefundishwa ushonaji ili wajipatie riziki. Upweke alioimba Lutaaya hupungua pale mgonjwa anapobishiwa hodi na mtu anayeyajua maradhi hayo kwa mwili wake mwenyewe.

Tiba nayo imebadilika. Lutaaya hakuzipata dawa zinazotolewa leo. Nchini Uganda zilianza kutolewa bure kwa wingi mwaka 2004. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 takriban watu wazima 18 katika kila 100 walikuwa na virusi. Sasa ni 5 hivi. Amezaye dawa kila siku, hata virusi visionekane katika vipimo vya damu, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana, na mama mjamzito anayetibiwa vema aweza kuzaa mtoto mzima.

Kila mwaka, tarehe 17 Oktoba, Uganda humkumbuka Lutaaya. Heshima iliyo bora kwake si kuucheza wimbo wake tu. Mume na mke waende pamoja kupimwa, maana katika vituo vya serikali kipimo hakina malipo. Aliyekutwa na virusi aanze dawa mara moja, asikatishe hata akihamishwa kikosi. Nao walio nyumbani wamkaribishe mezani, ale nao sahani moja.