Dawa Aliyopewa Mama, Ikamdhuru Mtoto

Hapa kwetu Keshero jambo hili tunalijua. Mama ana mimba, anaona damu, na baba yuko mbali kwenye machimbo. Jirani anamwambia: «Mama, usiogope, kwa farmasi kuna kinini ya kushika mimba.» Mtoto anatumwa, kinini inaletwa ndani ya karatasi isiyo na jina, mama anameza. Kwa sababu hiyo nataka tusikilize habari hii ya kweli.

Mwaka 1938, mjini London, mtaalamu Charles Dodds na wenzake walitangaza dawa mpya, dietilistilbestroli, kwa kifupi DES. Umbo lake si lile la estrojeni, homoni ya mwili wa mwanamke, lakini ilifanya kazi ile ile, tena kwa nguvu. Ilikuwa ya kumeza na ya bei ndogo. Viwanda vingi viliitengeneza, na waganga wa Marekani na Ulaya wakawapa wamama wajawazito ili mimba isitoke.

Je, ilisaidia? Mwaka 1953, huko Chicago, waliijaribu kwa wanawake zaidi ya 1,600. Wengine walipewa DES, wengine kinini isiyo na dawa ndani. DES haikuokoa mimba. Hata hivyo iliendelea kutolewa!

Halafu, huko Boston, wasichana wakaonekana na kansa ya uke, ugonjwa ambao karibu haujulikani kwa vijana. Mama wa mmoja wao ndiye aliyewauliza waganga kama si ile dawa aliyomeza zamani. Walichunguza. Mwaka 1971 walitangaza: katika wasichana 8, mama wa 7 walikuwa wamemeza DES. Mwaka huo Marekani ikaonya isitolewe tena kwa wajawazito. Ufaransa ilingoja hadi 1977. Kansa hiyo iliwapata karibu mmoja katika 1,000 ya mabinti waliozaliwa hivyo, lakini wengi zaidi walipata shida ya kubeba mimba.

Tusichukie dawa zote za ukoo huu. Klomifeni husaidia mwanamke ambaye yai lake halikomai, na tamoksifeni hupigana na kansa ya matiti. Lakini hata hizo si za mama mwenye mimba. Dawa ni nzuri mahali pake, kwa mtu wake.

Basi, mama, ukiona damu usitume mtoto farmasi. Nenda kwenye maternite upimwe. Uliza munganga: dawa hii inaitwaje? Ni ya nini? Inafaa kwa mwenye mimba? Andikisha jina lake kwenye fishi yako, na fishi uitunze. Nanyi vijana, msione haya kumsindikiza dada yenu. Swali la mama mmoja liliwafungua macho waganga wa dunia nzima. La kwako pia lina maana.