Kukausha Nyuzinano za Selulosi: Njia Ipi Inalipa?

Kiwanda cha dawa kinachoagiza nyuzinano za selulosi kwa kawaida hupokea jeli nzito mithili ya uji uliopoa. Tuseme asilimia 2 yake ni nyuzi na iliyobaki ni maji. Ili upate kilo moja ya nyuzi kavu, kilo 49 za maji lazima ziondoke. Kuzigeuza ziwe mvuke kunataka takriban uniti 31 za umeme, tena kwa mashine isiyopoteza joto hata chembe, na mashine hiyo haipo. Anayelinganisha vikaushio basi aanze na hesabu ya maji, bei ya mashine ifuate.

Gharama ya pili haionekani kwenye bili. Maji yakiondoka, nyuzi husogeleana na kushikana kwa vifungo vya hidrojeni, na ukiziloweka tena nyingi haziachani. Umelipia nanomita, umebaki na chenga. Mwaka 2012, Peng, Gardner na Han wa Chuo Kikuu cha Maine, Marekani, walichapisha ulinganisho wa njia nne zifuatazo.

Oveni. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na inapokea jeli nzito. Ukiikamua kwanza hadi asilimia 10 ya nyuzi, zinabaki kilo 9 tu za maji, yaani uniti zisizofika 6 kwa kiwango cha chini kabisa. Lakini kinachotoka ni bamba gumu linalohitaji kusagwa, na unga wake haurudi kuwa nyuzi. Inafaa pale ambapo kushikana ndiko kunakotakiwa, kama kwenye filamu za kuachia dawa polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walionyesha kuwa filamu za nyuzinano zinaweza kuachia dawa kwa muda wa hadi miezi mitatu.

Kupulizia kwenye hewa ya moto. Matone hukauka kwa sekunde chache na unga hutoka mfululizo. Tatizo ni kwamba jeli nzito huziba pua ya mashine, hivyo huongezwa maji. Ukiishusha hadi asilimia 1, unakausha kilo 99 za maji kwa kila kilo ya nyuzi, na kiwango cha chini kinapanda hadi uniti 62. Hata hivyo, kwa uzalishaji mkubwa watafiti wa Maine waliipendekeza hii, na viwanda vya dawa vimeizoea. Mwaka 2011, watafiti wa Helsinki walijaribu unga wa namna hii kama kijazio cha vidonge.

Kugandisha na kukausha kwenye ombwe. Barafu hugeuka mvuke bila kuyeyuka, ukapata sifongo nyepesi yenye vinyweleo. Friji na pampu hukesha zikifanya kazi, na hapo ndipo bili inapovimba. Isitoshe, chembe za barafu zinapokua husukuma nyuzi pamoja zikawa utepe. Ilipie kwa sifongo za vidonda au dawa zisizostahimili joto.

Kaboni dioksidi yenye shinikizo kubwa. Njia hii inahitaji zaidi ya nyuzijoto 31 na takriban bar 74. Kabla ya hapo, maji yote hubadilishwa kwa ethanoli, nayo ina gharama ya kununua, kuhifadhi na kurejesha. Ndiyo inayohifadhi vizuri zaidi mtandao wa nyuzi. Kwa kidonge cha kawaida ni anasa; kwa kibeba dawa ghali kinachohitaji eneo kubwa la uso, inaweza kulipa.

Ipo pia njia ya tano: usikaushe. Kama nyuzi zinakwenda kwenye krimu au jeli ya kupaka, nunua ikiwa mbichi, mradi nauli ya kusafirisha kilo 50 kwa kila kilo ya nyuzi, pamoja na ulinzi dhidi ya vijidudu, isizidi gharama ya kukausha.

Kabla ya kusaini mkataba, omba sampuli kavu na ile ambayo haijakaushwa. Zikoroge kwenye maji kwa kiwango kilekile, uziache usiku kucha kwenye glasi mbili. Sampuli kavu ikituama chini huku ile nyingine ikibaki imesambaa, gawanya bei ya kilo kwa sehemu ya nyuzi zilizofunguka tu. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha, na mara nyingi hapo oveni hupoteza unafuu wake.