Kwa nini nyaya za umeme huvuma upepo unapopita?

Msikilizaji wetu, iwe uko Bariadi, Maswa, Itilima au Meatu, huenda umewahi kupita karibu na laini ya umeme wakati wa kiangazi ukasikia nyaya zinavuma kama nyuki. Wapo wanaodhani umeme unavuja. Lakini mlio unaoanza na upepo na kunyamaza upepo ukitulia huletwa na upepo wenyewe.

Upepo ukikutana na kitu cha mviringo kama waya, hugawanyika, mwingine ukapita juu na mwingine chini. Nyuma ya waya hutokea visulisuli vidogo, kimoja juu, kingine chini, kwa zamu. Kila kimoja huuvuta waya kidogo upande wake, nao hutetemeka. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ambao hutikisa majani tu, ukipita kwenye waya wenye unene wa sentimita 3, unaweza kuutikisa mara 20 hivi kwa sekunde. Kwa saa moja ni mara 72,000.

Mtikisiko huo ni mdogo, lakini chuma nacho huchoka. Kunja na kukunjua waya wa seng'enge mahali pamoja, mwishowe unakatika. Waya wa umeme nao huweza kukatika hivyo, hasa pale uliposhikwa kwenye nguzo. Ndiyo maana kwenye laini kubwa, karibu na nguzo, huwa kuna kifaa kidogo kinachoning'inia, chenye uzito kila ncha. Kilibuniwa na Mmarekani George Stockbridge miaka ya 1920, na kazi yake ni kupunguza mtikisiko.

Nyaya zikiwa mbili, mambo huongezeka. Shika matete mawili kwenye mfereji wa maji yanayotiririka, moja nyuma ya jingine. La nyuma litacheza zaidi, kwa sababu linapokea maji yaliyokwisha kuvurugwa na la mbele. Matete hayagusani, lakini maji yanayaunganisha. Hewa hufanya vivyo hivyo. Kwenye laini za kilovolti 400, kama ile inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi kwa jirani zetu Shinyanga, nyaya kadhaa huwekwa sambamba. Upepo ukiwa mkali zaidi, waya wa nyuma huyumba na unaweza kugonga mwenzake, hivyo hutenganishwa kwa vyuma maalumu.

Hata majengo makubwa ya mviringo hayasalimiki. Tarehe 1 Novemba 1965, huko Ferrybridge, Uingereza, minara 3 kati ya 8 ya kupozea maji ya mtambo wa umeme ilianguka kwa upepo mkali. Iliyoanguka ilikuwa nyuma ya mingine, ikipokea upepo uliovurugwa na minara ya mbele.

Kwa hiyo, vyuma vile vidogo si mapambo, wala si vya kuuzwa kama chuma chakavu. Kikitoka kimoja, waya huanza kuchoka bila mtu kuona, na siku ukikatika unaweza kuangukia shamba au njia ya mifugo. Tuwaonye watoto wasivilenge kwa manati. Ukiona waya umeanguka au unaning'inia chini, usiusogelee hata kama unadhani umeme umekatika. Zuia watu na mifugo, kisha mjulishe mwenyekiti wa kijiji na TANESCO.