Daktari Mwanafunzi Akikuuliza Kuhusu Mkojo, Mwambie Ukweli

Msikilizaji wetu, umefika hospitali na kando ya daktari wamesimama vijana wenye makoti meupe. Mmoja anakuuliza: "Mama, mkojo huwa unakuvuja?" Kina mama wengi hujibu hapana kwa aibu, wakarudi nyumbani na shida yao. Leo tunaeleza kwa nini kijana yule anauliza.

Nyonga ya mwanamke ina misuli inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Tuifananishe na kamba za kitanda cha kusuka: zikilegea, kitanda kinabonyea katikati. Kuzaa, kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi na umri huweza kulegeza misuli hiyo. Hapo mkojo huvuja ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua ndoo. Wengine kizazi hushuka, wakahisi kitu kinatokeza ukeni.

Fistula ni tatizo jingine. Ni tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya njia ya haja kubwa na uke. Mara nyingi hutokana na uchungu uliokwama: kichwa cha mtoto hubana nyama za nyonga kwa saa nyingi, damu haifiki, nyama zinakufa na tundu linabaki. Mkojo au kinyesi hutoka chenyewe usiku na mchana. Si laana, wala si uchafu wa mama.

Nchini Tanzania, shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini. Katika muda huo mwanafunzi haandaliwi kuziba fistula. Hiyo ni kazi ya madaktari waliosomea upasuaji huo zaidi. Yeye anapaswa kujua kuuliza kwa heshima, kupima, kutofautisha matatizo haya na kutoa rufaa mapema. Kwa mfano, anajifunza kwamba maji yenye rangi yakiingizwa kwenye kibofu, kisha rangi ikaonekana ukeni, huenda tundu lipo.

Kesho kijana huyo atapangiwa hospitali kama ya kwenu. Kama hajawahi kusikia mama akieleza shida hii, anaweza kudhani kila mkojo unaosumbua ni maambukizi, akakupa vidonge na kukuruhusu uende.

Tiba zipo. Misuli iliyolegea husaidiwa na mazoezi: kaza kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi 5, achia, rudia mara 10, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 hivi. Kizazi kilichoshuka huweza kushikiliwa na kipete maalumu kinachowekwa ukeni, au kufanyiwa upasuaji. Fistula haiponi kwa mazoezi. Tundu dogo likiwahiwa, mpira wa mkojo peke yake huweza kulisaidia kuziba. Vinginevyo ni upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, inajulikana kwa kutibu fistula bila mgonjwa kulipa.

Je, ni lazima wanafunzi wakuone? Hapana. Una haki ya kuomba watoke, kuomba pazia au kuomba mhudumu wa kike, na bado utibiwe. Ukikubali wabaki, utakuwa umemfundisha daktari wa binti yako.

Nanyi kina baba, mkiona mama anakwepa kanisa, msikiti au harusi kwa sababu ya harufu, msimtenge. Mpelekeni hospitali.