Vigoda vya Daraja la Gitaa

Msomaji wetu mmoja, seremala kwa kazi na mpiga gitaa kwa mapenzi, ametuletea swali linalostahili jawabu refu kuliko alilotazamia. Ameuranda ubao wa mninga na kuuchonga kuwa kiwiliwili cha gitaa la umeme, shingo ameinunua ikiwa tayari na freti zake, na sasa, kabla hajatoboa tundu hata moja la kufungia daraja, amegundua kwamba katika kila gitaa alilolichungua vile vipande vidogo vya chuma vinavyobeba nyuzi havikupangwa kwa mstari mmoja: vingine vimesogezwa mbele, vingine vimerudishwa nyuma, na kile cha uzi wa tatu mara nyingi kimerudi nyuma kuliko cha uzi wa nne, ingawa wa nne ni mnene zaidi. Auliza kama huo ni uzembe wa viwanda ama ni hikima, na yeye anunue daraja la namna gani.

Ni hikima, tena ya kupendeza sana. Habari ya sumaku na koili zinazogeuza mtetemo kuwa umeme naipita, kwani imekwisha kuelezwa mara nyingi. Lakini siwezi kuendelea kabla ya kuvipa jina vipande hivyo. Wako wanaosema tandiko, kwa kuwafuata Waingereza, na neno hilo haliniridhishi, maana tandiko hulazwa juu ya mgongo wa mnyama ili lipunguze ugumu, ilhali kipande hiki hutakiwa kiwe kigumu hasa, kwa kuwa kikiwa laini kitaumeza mtetemo wa uzi. Mimi nakiita kigoda. Kigoda ni kifupi, hukaliwa, na kina miguu. Na vipande vya madaraja mengi ya mtindo wa Fender vina miguu kweli, skrubu mbili nyembamba za kukipandisha na kukishusha.

Freti hupangwa kwa hesabu moja: kila moja huufupisha uzi kwa uwiano uleule, hata ya 12 ikaangukia katikati kabisa, na nusu ya uzi hulia oktava moja juu ya uzi mzima. Hesabu hiyo ni sahihi kwa uzi usiovutika. Lakini kidole hakiwezi kuufikisha uzi kwenye freti pasipo kuuvuta, na uzi uliovutwa hukazika, na uliokazika hupanda sauti. Katika gitaa lenye uzi wa milimita 648 kutoka kizingiti cha kichwani mwa shingo hadi kigoda, uzi ukiwa umeinuka milimita 2 juu ya freti ya 12, kuubonyeza hapo huurefusha kwa sehemu 12 tu katika elfu moja za milimita. Ni kiasi kidogo mno kwa jicho, nalo sikio halikisamehe.

Tuzitazame nyuzi tatu nyembamba, za chuma kitupu, na hapa ndipo panaponifurahisha. Ukiigawanya nguvu inayouvuta uzi kwa eneo la mkato wake, utapata mkazo wa chuma chenyewe. Na ajabu ni kwamba mkazo huo haujali unene wa uzi hata kidogo. Uzi mnene ni mzito, kwa hiyo huhitaji kuvutwa kwa nguvu zaidi ili utoe sauti ileile, lakini nguvu hiyo hutawanyika katika eneo kubwa kwa kadiri ileile, na unene hujifuta katika hesabu. Hubaki urefu wa uzi na sauti inayotakiwa. Basi uzi wa kwanza, unaotetemeka mara 330 kwa sekunde, chuma chake hubeba kiasi cha kilo 146 kwa kila milimita moja ya mraba, wa pili hubeba kilo 82, na wa tatu, unaotetemeka mara 196, hubeba kilo 52 tu. Kidole kinapobonyeza, mvutiko ule mdogo huongeza mkazo uleule kwa nyuzi zote tatu, karibu gramu 400 kwa kila milimita ya mraba. Gramu 400 juu ya kilo 146 ni kitu hafifu. Juu ya kilo 52 ni jambo kubwa. Kwa sababu hiyo uzi wa kwanza hupanda kwa sehemu 2 hivi katika mia za nusu-toni, na wa tatu hupanda kwa sehemu 6 na zaidi, na sikio la mwanamuziki hulalamika. Dawa ni kuurefusha uzi kidogo kwa kukirudisha kigoda nyuma: kiasi cha milimita 0.9 kwa wa kwanza, 1.5 kwa wa pili, na 2.4 kwa wa tatu. Hizo ndizo ngazi alizoziona msomaji wetu.

Kwa nini basi wa nne, ulio mnene kuliko hizo zote, huruka tena mbele? Kwa sababu unene wake si wa chuma kimoja. Ni waya mwembamba wa ndani uliozungushiwa waya mwingine. Tazama utunda wa shanga. Kinachobeba mvuto ni kile kiuzi kilichotungiwa. Shanga, ziwe za marijani au za kioo, ziwe nyingi kiasi gani, hazibebi kitu. Ukiushika utunda kwa ncha zake mbili na kuuvuta, kiuzi hukaza, na shanga huachana kidogo bila kutia upinzani wowote. Ukizibadili shanga kwa kubwa zaidi, utunda utayumba polepole zaidi kwa ajili ya uzito, lakini ukaidi wake wa kuvutika hautaongezeka hata chembe. Sasa mtu autake uzito uleule pasipo shanga: hana budi kutafuta kamba nene, na kamba nene ikivutwa kwa nguvu ileile, mvuto hugawanyika katika nyuzinyuzi nyingi, kila moja ikabaki karibu kulegea, na nyongeza ndogo kabisa ya mvuto ikawa kubwa mbele ya kile kidogo kilichokuwapo. Uzi wa tatu mtupu ndio kamba hiyo, na wa nne ndio utunda. Waya wa ndani wa uzi wa nne ni mwembamba kuliko uzi wa tatu, hubeba mkazo mkubwa zaidi, na kwa hiyo huyumbishwa kidogo na kidole. Kutoka hapo ngazi huanza upya, zikirudi nyuma hadi uzi wa sita. Ugumu wa kupindika kwenye ncha za uzi nao huchangia, hasa katika nyuzi nene.

Kutokana na hayo rai yangu ni moja: chagua nyuzi kwanza, daraja baadaye. Historia yenyewe inashuhudia: Bwana Leo Fender, alipotoa gitaa lake la ubao mzima huko Fullerton, California, mwaka 1950, aliliwekea vigoda vitatu kwa nyuzi sita, kila kigoda nyuzi mbili. Na gitaa lake la besi la mwaka 1951 lilikuwa na viwili kwa nyuzi nne. Aghalabu uzi wa tatu wa zama zile ulikuwa wa kuzungushiwa, na mpango huo ulivumilika. Wapigaji walipohamia nyuzi nyepesi katika miaka ya 1960, uzi wa tatu ukawa mtupu, na jozi ya wa tatu na wa nne ikageuka mahitaji yake. Kampuni ya Gibson, kwa daraja lililobuniwa na Ted McCarty, na Fender mwenyewe kwa gitaa lake la Stratocaster, walikwisha kutoa vigoda sita vinavyojitegemea mwaka 1954. Besi ya Fender ilipata vinne mwaka 1957. Apendaye sura ya vigoda vitatu vya shaba hana haja ya kuviacha: huvitoboa tundu la skrubu kwa mshazari, au huvichonga kwa tupa, hata kila uzi ukapata mahali pake.

Uzito wa daraja hubishaniwa sana kuliko unavyostahili. La kuangalia zaidi ni wasaa wa vigoda kwenda mbele na nyuma, na nafasi baina ya nyuzi ilingane na shingo. Kwa besi ya nyuzi tano yenye urefu wa milimita 864, kigoda cha uzi mnene mara nyingi hufika mwisho wa skrubu kabla sauti haijatulia; hapo mafundi huikata springi iliyo nyuma yake iwe fupi, au hununua uzi ulionyolewa zunguko zake za nje mahali unapokalia kigoda. Katika daraja la mtindo wa Gibson, kigoda hugeuzwa kielekee upande wa pili, nacho hupata milimita moja au mbili.

Kwa kutoboa, msomaji wetu akisogeze kigoda cha uzi wa kwanza karibu na mwisho wa mbele, kisha alilaze daraja ili kigoda hicho kiwe milimita 649 kutoka kizingiti, vigoda vingine vikiwa na nafasi ya kurudi. Anyooshe nyuzi mbili za pembeni kwanza, ahakikishe kwamba zinapita sawa kandokando ya shingo, na akumbuke tundu dogo la waya wa ardhi chini ya daraja, maana pasipo waya huo gitaa litavuma. Likisha kufungwa, aupige uzi ukiwa umeguswa tu juu ya freti ya 12, kisha ukiwa umebonyezwa hapohapo, akilinganisha kwa tyuna. Uliobonyezwa ukiwa juu, kigoda kirudi nyuma. Ukiwa chini, kije mbele. Afanye hivyo kwa nyuzi mpya, na kila mara aupatanishe uzi upya kabla ya kupima.